Kitu cha Mzee Nzioka Kinacholia Ndani

Mmeniuliza pale kwa posho mill, mmeniuliza mbele ya kanisa, na juzi mmoja wenu aliniamsha usingizini kuniuliza. Sasa naandika mara moja. Anayejua kusoma asomee wengine, mimi niachwe nilale. Mambo ya tiketi na nani alichanga nini naruka, hayo hayana utamu.

Kabla sijatoka Zombe

Wengine wenu mlikuwa Mwingi na ng'ombe, hamkuona vile ilianza. Mwaitu Mwikali mnamjua. Ni mdogo wa mama yangu, na mama alipokufa yeye ndiye alinichukua, akanilea mpaka nikamaliza darasa la saba, ndiyo maana namwita Mwaitu, mama. Mtu akimgusa amenigusa mimi, na mimi nikiguswa mnajua vile huwa.

Mzee Nzioka, mume wake, alifanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi. Mwaka walipooana alimletea kitu. Kilikuwa cheupe, bapa, mviringo kama chapati ndogo, na juu yake kumechorwa ua la majani matano kwa vitobo vidogo vidogo, kama mtu amedungadunga na sindano. Ukikitikisa kinalia ndani, cha cha cha. Mzee alisema tu kimetoka baharini, basi. Mwaitu akakifunga kwa leso, akakiweka chini kabisa ndani ya sanduku.

Mzee alipokufa mwaka huu, kina mama wa kanisa walikuja kumsaidia kuanika nguo na blanketi zake. Wakafungua sanduku. Mmoja akafungua leso, akakiona, akakitikisa.

Hapo ndipo shida ilizaliwa. Mundu mue, yule mganga wetu wa zamani, ana kibuyu chake cha ramli kinaitwa kititi, ndani kuna mbegu na mawe, na hakuna mtu Zombe hajui ule mlio, hata kama ameokoka akiwa tumboni. Yule mama alikitupa juu ya blanketi, wote wakatoka mbio, mmoja akaacha viatu.

Mzee Kilonzo, yule mkubwa wa wazee wa kanisa, alikuja kukichukua kwa koleo la makaa. Kwanza wakakifungia kabati ya vikombe vya meza ya Bwana. Halafu wakaogopea vikombe, wakakihamisha stoo ya majembe. Mwaitu, ambaye ndiye huanzisha nyimbo za kina mama, akaambiwa akae benchi ya nyuma na afunge mdomo. Aungame mbele ya watu kabla ya Jumapili ya mavuno. Asipoungama, kitu kitachomwa na jina lake litafutwa.

"Ungama tu yaishe, mama," wakamwambia.

"Nikiungama nimesema Nzioka alikuwa mganga," akasema. "Na yeye hayuko hapa ajitetee."

Mtu akauliza, si kipasuliwe tu tuone ndani kuna nini. Mwaitu akainama. Akasema hicho peke yake ndicho mume wake aliwahi kumletea kwa mkono wake, akaomba kisipasuliwe.

Hapo nikasimama. "Mzee Kilonzo," nikasema, "wewe umewahi kuona bahari?"

"Sijaona. Na jehanamu pia sijaona, lakini naiogopa."

Watu wakacheka, na mimi damu ikapanda. Nikaapa hapo hapo kwamba nitaenda mpaka baharini, nitaleta ingine kama hiyo, inalia vile vile, niipasue mbele yake aone kama kuna pepo. Hiyo ya Mwaitu isiguswe. Mzee Kilonzo akasema sawa, lakini mavuno hayangoji mtu.

Walikataa kunipa ile yenyewe nibebe. Nikaichora na kalamu kwa karatasi ya simiti, kutoka kichwani.

Zombe mpaka Kitui, juu ya makaa

Nilipata lori la makaa. Nilikaa juu ya magunia na taniboi mmoja mwembamba, msaidizi wa dereva, na kwa sababu sijui kukaa kimya nikamtolea mchoro wangu.

"Hii ni klachi pleti," akasema.

"Wewe, hii ni kitu ya baharini."

"Baharini kuna meli, na meli iko na klachi."

Tulibishana mpaka akapigapiga paa la kebini, dereva akasimamisha lori akifikiri mtu ameanguka. Akashuka, akaishika karatasi karibu na macho, akaigeuza chini juu. Akasema taniboi amekosea. Klachi pleti ni kweli, lakini ya gari ndogo. Nilimwambia maneno ambayo siandiki hapa, na yeye akaniambia nishuke. Nikatembea kutoka hapo hadi lori la pili lilipopita, na hilo la pili lilikuwa la mbuzi.

Kitui

Kitui nilifika kama nimechimbwa ardhini, mweusi kwa makaa na kwa juu nanuka mbuzi. Nikaenda moja kwa moja kwa yule mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, kwa sababu tangu nizaliwe nasikia watu wakisema, "Yule Mwarabu mtu wa pwani." Nikajua nimepona safari, huyu ataniambia jina la kitu nirudi nyumbani.

Aliangalia karatasi kwa heshima sana. Akaniletea kiti, chai, na kaimati tatu kwa sahani.

"Kijana," akasema, "aliyeona bahari ni babu yangu. Mimi nimezaliwa hapa. Maji mengi niliyoona ni mto Nzeeu ukifurika."

"Lakini wanakuita mtu wa pwani."

"Wananiita. Nami naitika." Akanywa chai yake. "Ukifika kweli, niletee chupa moja ya maji yake. Nitakupa chupa."

Akanipa chupa tupu ya soda na kizibo cha gunzi. Basi nikatoka hapo bila jibu na mzigo umeongezeka.

Kitui mpaka Emali

Lori la ndengu. Lilizunguka kwa Machakos, na kabla ya kufika barabara ya Mombasa likavunjika springi. Dereva akachonga kijiti cha mti, akafunga na mpira wa tyubu, tukatambaa. Mvua ikatupata bila turubai. Tulifungua mifuko ya plastiki tufunike ndengu za mwenyewe, sisi tukanyeshewa, na mwenyewe alikuwa ndani ya kebini amelala.

Emali stesheni walituambia treni itakuja, halafu wakatuambia kuna mabehewa yametoka kwa reli huko mbele. Nilikaa siku nzima kwa benchi na nguo mbichi. Hapo ndipo nilimjua Mama Mueni, anayeuza chai na muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, kando ya stesheni, mama mnene wa kucheka. Aliniona nikigombana na karani wa tiketi akaniita.

"Kuja ukule wewe. Huyo unampigia kelele hata yeye hajui treni iko wapi."

Muthokoi wake ulikuwa na kunde na kitunguu cha kutosha, na moto. Nikamweleza mambo yote ya Mwaitu. Hakucheka. Aliangalia mchoro akasema yeye angedhani ni mhuri wa kutengenezea biskuti, halafu akanirudishia karatasi.

"Mimi pia nilifiwa na mume," akasema. "Walipekua sanduku langu, hawakupata kitu. Ningefurahi wangepata." Akaniongezea muthokoi bila mimi kuitisha. "Ukirudi na hiyo kitu pitia hapa. Lazima nisikie vile inalia."

Nikamwahidi. Treni ikaja tukiwa tumekata tamaa, na mambo ya treni ni kusimama tu, sina la kuwaambia.

Baharini

Mnamkumbuka Muema tuliyesoma naye, aliyekuwa analala darasani. Sasa anachonga twiga na vifaru, anauzia watalii kule ufuoni, na amepanga chumba kwa mama mmoja Mswahili, Bi Zuhura. Nilipofika nilimkuta huyo mama mlangoni. Nikasema, "Nataka Muema."

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Kijana, mbona wanisemesha kama wanitupia mawe? Hujambo?"

"Sijambo. Yuko?"

"Wa nyumbani hawajambo?"

Ilibidi niwataje wote wa nyumbani, mpaka ng'ombe, ndipo nikaambiwa Muema yuko kazini. Lakini huyo huyo ndiye alinipa maji ya kuoga na sahani ya mchuzi. Ndani ya mchuzi kulikuwa na kitu kama mpira wa kunyonyea petroli uliokatwa, na vikombe vidogo vidogo kandokando. Nilitafuna. Nilitafuna sana. Nikauliza ni nini, akasema pweza, akaniambia mguu wake mmoja tu huo. Nikauliza anayo mingapi. Aliponiambia, nikaweka sahani chini pole pole.

Muema aliporudi nilimwekea karatasi mbele. Hakuangalia hata sekunde mbili. Akaingia chini ya kitanda, akatoa beseni, na ndani ya beseni vilikuwa vimejaa. Vyeupe, mviringo, ua la majani matano. Vile vile.

Nilikaa kwa sakafu. Nilitaka kulia. Nikachukua kimoja nikakitikisa.

Kimya.

Nikachukua kingine. Kimya. Vyote.

"Hivi havilii," nikasema.

"Vilie kwa nini? Naingiza waya hapa chini, natoa uchafu na meno yake, naloweka kwa dawa ya kufulia. Mzungu hataki kitu inanuka, inalia."

"Iko na meno?"

"Hiyo ni mnyama, bana. Wewe ulifikiri nini?"

Mimi nilifikiri ni jiwe. Na nyinyi pia, msinicheke. Nikamwambia nataka inayolia, Mzee Kilonzo akiletewa iliyo kimya atasema mlio uliongezwa na mganga. Muema akasema za kulia huwa hazitafuti mtu, wewe ndiye unazitafuta, na yeye ana twiga wa kumaliza.

Basi nikatafuta peke yangu. Kila maji yakirudi nyuma mimi nashuka, na ile karatasi yenye picha za samaki niliyokuwa nimeichana kwa kitabu changu cha sayansi cha shule, kumbe haikuwa na hata kimoja cha vitu nilivyoviona. Nilikuta kitu kama soseji nyeusi kubwa, nikakishika nikijua kimekufa, kikanitapikia matumbo yake yote mkononi, nyuzi nyeupe za kunata. Nilipiga mbio mpaka kwa Bi Zuhura. Akaniambia ni jongoo bahari, na kwamba huyo jongoo ndiye aliyenitia adabu, si mimi niliyemtia yeye. Nilikuta nyota nyekundu yenye mikono mitano, nikaleta nikidhani nimekaribia kwa sababu ya ile tano. Akasema hicho ni kiti cha pweza. Nikamuuliza kama pweza ana kiti, ana kitanda pia? Akaingia jikoni, nikamsikia akicheka.

Jua la kule linapiga kutoka juu na kutoka chini. Mgongo ulibambuka. Miguu ilikatwa na mawe yenye makali, chumvi ikaingia kwa vidonda. Nilikuwa naokota vipande, nusu, robo, vyote vimevunjika. Mavuno yalikuwa yanakaribia, na nilianza kufikiria vile nitaingia Zombe mikono mitupu na mdomo huu wangu wote.

Asubuhi moja niliona mstari kwa mchanga. Mstari tu, kama mtu amevuta kidole chini ya maji kidogo. Nikaufuata kwa sababu sikuwa na kingine cha kufuata. Uliishia kwa kijivimbe. Nikachimba na kidole, nikatoa kitu mviringo, rangi ya kahawia, kina manyoya mafupi kama kitambaa cha kofia ya mzee. Nikataka kukitupa. Halafu nikaona yale manyoya yanatembea. Yote, pole pole, kama upepo ukipita kwa mtama. Kwa mgongo wake, chini ya manyoya, nikaona ua. Majani matano.

Nilichuchumaa pale na maji kwa magoti. Kilikuwa kinajaribu kuondoka mkononi mwangu, na hakina haraka. Hakuna mtu wa kuniambia jina lake, hata Muema anaita tu ile nyeupe. Nilikirudisha mahali pake kikaanza kujizika, na kilimaliza polepole sana. Nilingoja mpaka kikazama chote.

Baada ya hapo nilijua nitafute wapi. Si kwa mawe, kwa mchanga laini karibu na nyasi za bahari. Chini ya rundo la zile nyasi zilizokauka, siku ya mwisho niliyokuwa nayo, nilipata kizima, cheupe, kilichokufa chenyewe. Nikakitikisa karibu na sikio. Cha cha.

Nilijaza chupa ya Kitui maji, nikamuaga Bi Zuhura vizuri, na wa nyumbani wake nikawataja wote. Akasema, "Sasa wazungumza."

Emali tena

Nilikifunga kwa pamba, ndani ya kopo la maziwa, ndani ya sweta. Ndani ya treni kila mtu alitaka kukitikisa. Nilikataa wote, karibu nipigane na askari mmoja aliyesema ni bomu.

Lakini Mama Mueni nilimwahidi. Nilimkuta anaosha vikombe. Alijipangusa mikono na leso, akakipokea kwa viganja viwili kama mtu anapokea mtoto. Akakiweka kwa sikio akakitikisa kidogo. Akafunga macho. Akatikisa tena.

Kikagawanyika mkononi mwake. Hakukibana, hakukiangusha, kilichoka tu. Nadhani reli ilikuwa imeshakiua.

Alitazama vile vipande, halafu akanitazama mimi. Stesheni yote ikageuka ione nitafanya nini. Mimi pia nilingoja hasira ije. Haikuja. Nilikuwa nimechoka mpaka hasira haikuwa na mahali pa kukaa.

"Umesikia vile ilikuwa inalia?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Basi."

Tuliokota vipande pamoja. Vile vilivyokuwa vinalia vilikuwa vitano, vyeupe, vidogo kama punje za mchele zilizoota mabawa. Akavifunga kwa karatasi ya sukari. Hakunipa chakula safari hiyo, alikuwa analia, na mimi sikuitisha.

Kitui yule mwenye duka alimimina maji kiganjani, akaonja, akatema, akajipaka usoni. Akasema, "Kumbe ni chungu hivi." Akafunga duka mapema.

Zombe

Jumapili ya mavuno nyinyi wengi mlikuwa ndani, kwa hivyo mtanirekebisha. Meza ya mbele ilikuwa na maboga, mtama, kuku amefungwa miguu. Nilimwaga vipande vyangu kwa kitambaa. Mzee Kilonzo akavaa miwani.

"Hii ni plasta ya ukuta," akasema.

"Ni mnyama. Nimemwona akitembea. Haya ni meno yake, ndiyo yanalia."

"Hayalii."

"Imevunjika, Mzee."

"Basi yako imevunjika na haina mlio, na ya Mwikali ni nzima na inalia. Si kitu moja hiyo." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaka kujua kweli na anaogopa. Kanisa lote likaniangalia, wakingoja nirushe benchi. Nilisimama tu.

Ndipo Mwaitu akasimama kutoka nyuma.

"Leteni changu," akasema.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwa sauti ya chini, nisikike na yeye tu. Hakuniangalia. Kikaletwa kutoka stoo na koleo lile lile la makaa, yeye akakichukua na mkono mtupu, akakiweka kwa sikio, akakitikisa mara moja. Akangoja kama mtu anayesikiliza jibu. Kisha akakigonga kwa ukingo wa meza, pale kati ya maboga, kama unavyogonga yai.

Yakatoka meno matano. Akayapanga kando ya yangu, moja moja, na hayakuwa na tofauti.

Mzee Kilonzo aliinama mpaka miwani ikakaribia kuanguka. Aligusa moja na ncha ya kidole. Akalichukua. Akalirudisha mahali pake. Nilingoja aombe msamaha, mnajua nilingoja. Alivua miwani akageukia benchi za kina mama.

"Mbona mmekaa kimya," akasema, "nani ataanzisha wimbo?"

Mwaitu akaanzisha pale pale alipokuwa amesimama. Hakurudi nyuma.

Jioni ndipo hasira yangu ilifika, imechelewa kama ile treni. Mwaitu alikuwa amenipikia ngima, ule ugali wetu, na mboga ya kunde. Nikamwambia nimezunguka nchi nzima, nimebambuka mgongo, ili asikivunje, na akakivunja.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Kula," akasema. Halafu akauliza, "Umesema ulikiona kikitembea?"

"Ndiyo."

"Kinatembeaje?"

Nikamwambia. Mstari kwa mchanga, manyoya kama mtama kwa upepo, vile kilijizika na vile nilingoja. Akaniambia nirudie pale pa manyoya. Nikarudia.

"Nzioka hakuniambia kilikuwa kinaishi," akasema. "Labda hakujua."

Akachukua kopo la ugoro la Mzee Nzioka, akafungua fundo la leso yake, akatia ndani ya kopo meno yake matano. Akafikiri kidogo, akanyoosha mkono niongeze na yangu. Akafunga kifuniko, akaliweka kwa sikio, akatikisa.

"Sasa wako wawili," akasema, na akanipakulia tena.